Kabla Hujalipia Jina la Kampuni: Funzo la Duka la Dada Yangu

Natumaini mbolea ya kukuzia imeshaingia shambani na viwavijeshi vamizi unawakagua kila asubuhi.

Juma lililopita, tulipomaliza mafunzo kwenye shamba darasa, mkulima mmoja alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na picha ya duka la pembejeo lililopakwa rangi za kampuni, bango kubwa juu ya mlango na shelfu zimejaa. Akaniambia, "Afisa, hawa jamaa wanasema nikilipa ada wananipa jina lao, mizigo yao na mafunzo. Duka linakuwa langu. Nina ng'ombe wanne. Niuze?"

Nilishika ile karatasi nikakaa kimya kidogo, kwa sababu si mara yangu ya kwanza kushika karatasi ya namna hiyo. Nilimwomba siku chache nimjibu kwa maandishi. Najibu hapa ili na wewe unayefikiria jambo hilohilo usome.

Biashara hii ni ipi

Wataalamu wanaiita franchaizi. Mimi nitaiita biashara ya jina la kukodi, maana ndivyo ilivyo. Jina si lako, unalitumia kwa muda unaolilipia. Kampuni inakuruhusu kuuza kwa jina lake, kwa rangi zake na kwa utaratibu wake. Wewe unatoa ada ya kujiunga, unanunua mizigo inakoagiza kampuni, na mara nyingi unalipa ada nyingine kila mwezi au asilimia ya mauzo.

Usiichanganye na uwakala wa fedha kwa simu. Wakala wa fedha anaweka floti, kampuni inamlipa kamisheni kwa kila muamala, na akichoka floti yake anaitoa. Kwenye jina la kukodi, wewe ndiye unayeilipa kampuni, na ada ya kujiunga kwa kawaida hairudi.

Biashara hii si utapeli. Ipo duniani kwa zaidi ya miaka 100. Soda ya Coca-Cola ilisambaa Marekani kwa njia inayofanana na hii. Mwaka 1899 mawakili wawili wa mji wa Chattanooga walipewa haki ya kuweka soda hiyo kwenye chupa na kuiuza, kwa mkataba wa dola 1 tu. Lakini kiini cha kutengenezea soda walitakiwa kukinunua kwa kampuni yenyewe. Shika hapo. Ada ya kuingia inaweza kuwa ndogo, hata dola 1, na fedha yenyewe ikawa kwenye kile unacholazimika kununua kila siku baada ya kuingia. Sisi tuliangalia ada ya kuingia peke yake.

Tulivyoingia

Dada yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka tisa. Stashahada yangu nimesomea Uyole, na ada ya mwaka wa kwanza aliilipa yeye kwa fedha ya maharage. Kwa hiyo nilipoanza kupata mshahara, nilikuwa na deni ambalo hakuna aliyenidai.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja mtu wa mauzo wa kampuni moja akitafuta watu wa kufungua maduka ya pembejeo vijijini kwa jina la kampuni hiyo. Mimi kufungua duka la dawa na mbolea kwenye kata yangu nisingeweza. Afisa anayemwambia mkulima anunue dawa fulani halafu anamuuzia yeye mwenyewe, ushauri wake hauna thamani tena. Lakini dada yangu anaishi wilaya nyingine. Nikaona hapa ndipo pa kulipa fadhila.

Gharama zilikuwa hivi:

- Ada ya kujiunga, isiyorudishwa: shilingi 3,000,000
- Mizigo ya kuanzia: 6,000,000
- Rangi, bango na shelfu za kampuni: 1,400,000
- Kodi ya fremu, miezi sita: 360,000
- Leseni, vibali na nauli za kuvifuatilia: 540,000

Jumla shilingi 11,300,000. Mimi nilikopa milioni 7 kwa dhamana ya mshahara. Dada akatoa 4,300,000. Aliuza ng'ombe wawili kwa 1,600,000, akatoa 1,500,000 alizokuwa ameweka kwenye kikoba, na 1,200,000 ya maharage.

Mkataba ulikuwa na kurasa 14. Dada aliushika, akaupindua, akanirudishia. Akasema, "Mdogo wangu, wewe ndiye msomi. Soma wewe." Niliusoma usiku mmoja. Mambo ya mbolea na mbegu niliyaelewa. Kurasa za masharti ya kuvunja mkataba nilizipitia harakaharaka, nikajiambia hayo ni maneno ya wanasheria tu. Asubuhi nikamwambia, "Saini."

Desemba na Julai

Tulifungua Oktoba. Kwao, kama kwetu huku Nyanda za Juu Kusini, mvua ni moja, inaanza Novemba na kuishia Aprili. Desemba duka lilijaa watu. Mauzo ya mwezi yalifika 6,500,000. Faida ghafi, yaani bei ya kuuzia ukitoa bei ya kununulia, ilikuwa kama asilimia 12. Hesabu yake:

Faida ghafi 780,000. Toa asilimia 4 ya mauzo kwa kampuni, 260,000. Toa ada ya mwezi, 150,000. Toa kodi ya fremu 60,000. Toa umeme na usafiri 40,000. Ikabaki 270,000. Dada alinipigia simu akicheka. Na mimi nilicheka.

Ikaja Julai. Nani ananunua mbolea ya kupandia Julai? Aliuza dawa ya kuhifadhia mahindi, na mbegu za mboga kwa wachache wenye vinyungu bondeni. Mauzo ya mwezi mzima 900,000. Hesabu yake:

Faida ghafi 108,000. Asilimia 4 ya kampuni 36,000. Ada ya mwezi ni ileile 150,000. Kodi ileile 60,000. Umeme na usafiri 40,000. Jumla ya matumizi 286,000. Amepungukiwa na 178,000, na bado hajajilipa hata senti kwa kukaa dukani mwezi mzima.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo bila jina la kampuni. Julai angebaki na 108,000, atoe kodi 60,000 na umeme na usafiri 40,000, abaki na 8,000. Ni njaa, lakini si deni. Angeweza hata kufunga duka siku nne kwa wiki akaenda kinyunguni. Mkataba ulimtaka afungue siku sita.

Mwaka wa kwanza, miezi minne ya msimu ilimwachia jumla ya 860,000. Miezi minane iliyobaki ilimpunguzia 1,150,000. Hapo sijaweka rejesho la mkopo wangu.

Pengo hilo alilizibaje? Kwa kula mtaji. Akiuza mfuko wa mbegu, fedha ya kununulia mwingine inakwenda kulipa ada ya mwezi. Ukipita nje unaona bango linang'aa, na ndani shelfu zinaachana kama meno ya mzee. Novemba ya pili ilipofika, wakati wa kuuza, hakuwa na mzigo wa kutosha. Machi alifunga, miezi 17 tangu tufungue.

Ndipo nikasoma zile kurasa nilizoziruka. Mizigo iliyobaki kampuni haiichukui. Na kwa miezi 12 baada ya kuacha, haruhusiwi kuuza pembejeo za aina hiyo ndani ya kilomita 10. Kijiji chake chote kimo ndani ya kilomita 10. Mizigo tuliiuza kwa hasara kwa mwenye duka la mjini.

Kampuni haikutudanganya. Kila kitu kilikuwa kwenye karatasi na sahihi ya dada ilikuwa chini yake.

Jina linauza kwa nani

Nimekaa na jambo hili kwa muda mrefu. Nilijiuliza kwa nini duka lile lilishindwa, wakati mfanyabiashara mwingine ninayemfahamu, mwenye jina hilohilo, anaendelea vizuri hadi leo.

Yeye yuko kwenye mji mdogo wa barabarani, njia ya kwenda Tunduma. Wanaoingia dukani kwake wengi hawamjui. Wanashuka kwenye basi, wanatoka vijiji vya mbali, wanaogopa dawa bandia. Wakiona jina la kampuni wanalolijua, wanaingia. Jina lile linamletea mteja ambaye vinginevyo angepita. Pia jirani yake kuna skimu ya umwagiliaji, watu wanalima nyanya na vitunguu mwaka mzima. Julai yake si kama Julai ya dada.

Dada yangu yuko kijijini alikozaliwa. Mteja anaingia akisema "Shikamoo mama," hatazami hata bango. Anakuja kwa sababu ni yeye. Angekuja hata kama duka lingeandikwa kwa mkaa ukutani. Kwa hiyo tulilipa milioni 3 na ada ya kila mwezi ili watu waliomjua tangu utoto wamwamini.

Kuna zaidi ya hapo. Alichokuwa nacho dada kabla ya kampuni, kampuni ilimnyang'anya. Kijijini mtu anachukua mbegu Novemba, analipa akivuna. Kampuni ilikataza mkopo kabisa. Mbegu ya mahindi waliyoizoea watu wa pale haikuwa kwenye orodha ya kampuni, na kuuza nje ya orodha ni kuvunja mkataba. Wakaenda kwa mwingine. Siyalaumu masharti yote. La kutopima viuatilifu kwenye chupa za soda hata mimi nalisimamia, na wewe usinunue dawa ya kupimiwa. Lakini masharti yale yalitungwa kwa ajili ya duka la mjini.

Ndiyo maana leo mtu akiniuliza kuhusu jina la kukodi, swali langu la kwanza si fedha anazo kiasi gani. Namuuliza wateja wake ni wageni au wanamjua. Jina la kampuni linafanya kazi kubwa kwa mteja mgeni. Kwa mteja anayekujua, jina linalouza ni lako, na hilo hulilipii ada.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Jina linatakiwa kuongeza mauzo kwa kiasi gani ili lijilipe? Kwa masharti ya dada, nimepiga hesabu hii kwa kuchelewa. Mtu anayeuza 900,000 kwa mwezi bila jina, akiwa na jina anatakiwa auze 3,225,000 ndipo abaki palepale alipokuwa. Zaidi ya mara tatu! Anayeuza milioni 4 anatakiwa afike 7,875,000. Chukua masharti yako, weka namba zako, fanya hesabu hiyo kwenye daftari.

2. Julai yako ikoje? Usipige hesabu kwa mwezi wa msimu. Chukua mwezi mbaya kuliko yote, uzidishe kwa idadi ya miezi mibaya, uone kama miezi mizuri inaibeba. Ada isiyobadilika na kipato kinachobadilika havikai nyumba moja kwa amani. Kama kampuni inakubali ada ya asilimia peke yake, bila kiwango cha kila mwezi, omba hiyo.

3. Nalazimika kununua wapi na kwa bei gani? Nenda mjini kwa muuzaji wa jumla, linganisha bei ya bidhaa kumi unazouza sana. Uliza pia kama bidhaa ambazo watu wako wanazitaka zimo kwenye orodha ya kampuni.

4. Walioacha wako wapi? Mtu wa mauzo atakupeleka kwa aliyefanikiwa, tena mwezi wa Desemba. Mwombe majina ya walioacha. Marekani sheria inailazimisha kampuni kumpa mnunuzi taarifa za maandishi, zikiwamo za watu walioacha, angalau siku 14 kabla hajasaini au kulipa. Baada ya dada kufunga, nilikutana mnadani na mzee mmoja aliyewahi kuwa na duka la jina lile. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Ungeniuliza ningekwambia." Alikaa umbali wa nauli ya shilingi 3,000.

5. Nikitaka kutoka, natokaje? Anza kusoma mkataba kwa ukurasa huu. Mizigo inayobaki ni ya nani? Bango na shelfu je? Nimezuiwa kufanya biashara gani, wapi, kwa muda gani? Zuio la kilomita 10 mjini ni mtaa wa pili. Kijijini ni maisha yako yote. Mambo haya yanajadilika kabla ya kusaini, si baada.

6. Vibali nitavipata bila wao? Jina la kampuni halikuondolei vibali. Mbegu zina TOSCI, mbolea zina TFRA, viuatilifu vina TPHPA, leseni ya biashara iko halmashauri, na namba ya mlipa kodi TRA. Dawa za mifugo zina utaratibu wake, muulize afisa mifugo wa kata. Kama njia hiyo unaipita ukiwa na jina au bila jina, basi usihesabu vibali kama kitu ulichonunua kwa ile ada.

7. Nina haraka ya nini? Ukiambiwa "nafasi ni moja, lipa leo," rudi nyumbani. Afrika Kusini sheria inampa aliyenunua jina la kukodi siku 10 za kazi baada ya kusaini, akighairi anatoka bila faini. Wewe jiwekee siku 14 zako kabla ya kusaini. Katika siku hizo mpe mkataba mtu asiye na faida yoyote kwenye jambo hilo, anayejua sheria. Ofisi ya halmashauri ina mwanasheria na ina afisa biashara. Kuuliza si aibu.

Jibu langu kwa mwenye ng'ombe wanne

Ndugu yangu, usiuze ng'ombe wiki hii. Fanya kazi moja kwanza. Chukua daftari, kaa siku saba karibu na fremu unayotaka kupanga. Kila anayeingia kwenye maduka ya pale, andika kama ni mtu wa hapa au mgeni. Halafu nenda ukamtafute mmoja aliyeacha, na mmoja anayeendelea, uwaulize mauzo ya Julai. Ukirudi, tutakaa tupige hesabu pamoja. Ikiwa wageni ni wengi na Julai inalipa, nitakuwa wa kwanza kukutia moyo. Ikiwa sivyo, kuna njia ya kuanza kwa jina lako, na milioni 1.6 ya ng'ombe wawili inatosha kuanzia mzigo mdogo wa msimu.

Mkato wa mwisho wa mkopo wangu uliisha Septemba. Dada, zuio lake lilipokwisha, alifuatilia vibali vyake mwenyewe akafungua tena, fremu ndogo zaidi. Bango ameandikiwa na mwanawe kwa rangi iliyobaki kwenye kopo. Novemba hadi Februari anauza pembejeo. Miezi mingine nusu ya duka ni sabuni, chumvi na mafuta ya kupikia. Ng'ombe hajanunua bado.

Hajawahi kunifokea kwa jambo lile. Mara moja tu, tukimenya viazi jikoni kwake, alisema bila kuniangalia, "Ungesema zile kurasa hujazielewa, tungekwenda kumuuliza anayejua."

Sikuwa na la kujibu. Lakini tangu siku hiyo, mkulima akiniuliza jambo nisilolijua, namwambia silijui, na nauli ya kwenda kwa anayejua tunachangia.

Msimu mwema. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaangalia jinsi ya kuandika daftari la mauzo ya duka dogo, maana bila hilo hesabu zote za leo hazifanyiki.